Wimbo Ukilia Nizi, Nani Analipwa?

Siku ya soko pale Nizi, katika ukanda wa dhahabu wa teritwari ya Djugu kaskazini mwa Bunia, muziki hausimami. Kibanda cha kuchaji simu kina kompyuta moja, bafle mbili zilizotazama barabara, na kijana anayejaza nyimbo kwenye kadi memori na flashi kwa franka chache. Mteja hataji jina la mwimbaji. Anaomba rumba, anaomba kwaya, anaomba za Uganda. Kijana anafungua folda, anakopi nyimbo lukuki kwa mpigo mmoja, mteja anaenda zake. Jioni nyimbo zile zile zinalia kwenye nganda, yaani baa, na kwenye simu za madereva wa pikipiki, na kesho yake zinasikika kwenye redio, kwa sababu hata mtangazaji alizipata kwa njia hiyo hiyo.

Kisheria, karibu kila hatua ya safari hiyo ilipaswa kumwachia mtunzi kitu. Wanamuziki wa Ituri wasio na kampuni wala meneja husema wameibiwa, na wana haki ya kusema hivyo. Ila kadiri ninavyoifuatilia njia ya fedha hizi, ndivyo ninavyoona kwamba wizi ni sehemu ndogo ya hasara. Sehemu kubwa inapotea kwa sababu wimbo ulitoka nyumbani bila majina, na kwa sababu huko unakopita hakuna anayehesabu.

Tuanze na jambo linalowachanganya wengi. Wimbo mmoja uliorekodiwa una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na melodia. Ya pili ni rekodi, ile sauti iliyonaswa studio siku fulani. Chukua kijana wa Bunia aliyeandika mashairi, rafiki yake aliyetengeneza biti, dada aliyeimba kiitikio, mpiga solo aliyeitwa kwa saa moja, na mjomba aliyelipia studio. Utunzi ni wa aliyeandika na wa aliyebuni muziki. Rekodi ni ya aliyeigharamia, isipokuwa wamepatana vingine. Walioimba na kupiga wana haki zao za utumbuizaji, ambazo sheria inaziweka jirani na za mtunzi. Redio na nganda zinadaiwa kwanza kwa ajili ya utunzi, na fedha hizo hupitia chama cha watunzi. Majukwaa ya mtandaoni kama Spotify na Boomplay hulipa sehemu kubwa kwa mwenye rekodi kupitia msambazaji, na sehemu ndogo kwa mtunzi kupitia njia nyingine kabisa. Kwa hiyo msanii anayesema ameshaweka wimbo wake mtandaoni na sasa anasubiri hela anasubiri kwenye mlango mmoja tu, na milango ipo kadhaa.

Sheria yenyewe ipo tangu zamani. Kongo imo katika Mkataba wa Berne, ambao hauruhusu haki ya mtunzi itegemee usajili: ukishatunga, wimbo ni wako. Sheria ya nchi kuhusu haki za watunzi na haki jirani ni ile ya tarehe 5 Aprili 1986. Kabla yake, enzi za Wabelgiji na miaka ya mwanzo ya uhuru, watunzi wetu walitegemea chama cha SABAM cha Brussels. Mwaka 1969 serikali ya Mobutu ikaunda SONECA ili fedha zikusanywe na kugawiwa nyumbani. SONECA ilidhoofika hadi ikawa jina tu, na waliokuwa na uwezo wa kufika Ulaya wakajiandikisha SABAM au SACEM ya Paris. Mwaka 2011 ikazaliwa SOCODA, chama cha ushirika cha watunzi wenyewe. Verckys Kiamuangana, mpiga saksafoni aliyewahi kuvuma na bendi ya OK Jazz, alikuwa miongoni mwa walioiongoza mwanzoni.

Chama cha namna hiyo kazi yake ni nini? Historia ya SACEM inaeleza vizuri. Mwaka 1847 mtunzi Ernest Bourget na wenzake waliketi kwenye mkahawa mmoja wa Paris uliokuwa ukipiga muziki wao. Ilipoletwa bili ya vinywaji walikataa kulipa: ninyi mnatumia kazi yetu bure, nasi tunakunywa bure. Kesi ikaenda mahakamani, watunzi wakashinda, na mwaka 1851 SACEM ikaanzishwa kwa sababu iliyo wazi: Bourget hakuweza kuketi kwenye kila mkahawa wa Ufaransa. Mtunzi mmoja hawezi kuzunguka nganda zote za Bunia, Mongbwalu, Aru na Mahagi akidai haki yake. Chama kinazunguka kwa niaba yake, kinampa mwenye nganda leseni, kinakusanya ada, kisha kinagawa kufuatana na nyimbo zilizopigwa.

Hapo kwenye kufuatana na nyimbo zilizopigwa ndipo mambo yanapoharibika. Kukusanya ni rahisi kuliko kugawa. Ukienda na muhuri kwa mwenye nganda, atalipa, hata kama atanung'unika. Kugawa kunahitaji orodha: wimbo gani, wa nani, ulipigwa mara ngapi, wapi. Redio nyingi za mikoani hazina orodha hiyo. Bila orodha, fedha ya Ituri inapofika Kinshasa haina jina la mtu wa Ituri juu yake. Anayeigawa atamkumbuka anayemfahamu, na anayefahamika ni nyota wa Kinshasa. Hata kama kila mfanyakazi wa chama ni mwaminifu kabisa, kijana wa Nizi atapata sifuri.

Wala Kongo si peke yake. Kenya ina chama cha watunzi, MCSK, tangu miaka ya themanini, na ina ofisi ya serikali ya kusimamia hakimiliki. Januari 2016 kundi la Elani, ambalo nyimbo zake zilikuwa zikilia kila kona ya Nairobi, lilijitokeza hadharani kusema lilipokea shilingi 31,000 tu kutoka kwenye chama hicho. Miaka mitatu baadaye wanamuziki wa nchi hiyo walikasirika tena walipopata mgao wa shilingi 2,530 kila mmoja, aliyepigwa sana na asiyepigwa sawasawa. Mgao wa namna hiyo ni kukiri kwamba hesabu haikufanyika. Tanzania ilijaribu kwa upande mwingine: ofisi yake ya hakimiliki, COSOTA, ilianza kukusanya kutoka vituo vya redio na televisheni, na Januari 2022 ikagawa mirabaha ya shilingi milioni 312. Mtu anaweza kubishana kuhusu ukubwa wa kiasi hicho, lakini wasanii waliona majina ya nyimbo zao yakihesabiwa.

Tanzania ilifanya jambo jingine ambalo lingefaa kabisa kibanda cha Nizi. Tangu 2023 kuna tozo ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kurekodia na kuhifadhia kazi, ili wabunifu walipwe kwa nakala ambazo hakuna polisi anayeweza kuzizuia. Wajerumani walianza utaratibu wa aina hiyo mwaka 1965, enzi za mashine za kanda. Busara yake ni kwamba humwandami kijana wa kibanda, ambaye naye anatafuta chakula cha siku. Unaidai kadi memori yenyewe inapoingia nchini, pale forodhani Mahagi, Aru au Kasindi, kabla haijamfikia. Mimi naamini tozo hiyo ingewafaa watunzi wa mashariki ya Kongo kuliko msako wowote wa maharamia, kwa sharti moja: mgao ufuate orodha.

Kwa kuwa mirabaha haiji, wanamuziki wa Kongo walijitafutia njia yao, nayo ni libanga. Tajiri analipa, jina lake linatajwa ndani ya wimbo. Huku kwetu kwenye dhahabu, mnunuzi aliyepata wiki nzuri anaweza kumaliza gharama ya studio kwa mkupuo mmoja, naye atasikia jina lake likiitwa sokoni mwaka mzima. Siwezi kumlaumu msanii anayerusha mabanga. Ndiyo yaliyoilisha familia yake wakati chama kimelala. Lakini tuitazame biashara yenyewe. Libanga hulipwa mara moja tu, siku ya kurekodi. Wimbo ukipendwa miaka thelathini, mtunzi haongezewi kitu. Wimbo wenye majina kumi na matano ya watu wa Bunia pia hauvuki mbali: msikilizaji wa Mombasa au Marekani hawajui hao, na mtengenezaji wa filamu anayetafuta muziki ataupita. Mwanamuziki ameuza miaka yote ya mbele ya wimbo wake kwa fedha ya leo. Kuna siku hana budi kufanya hivyo. Basi arekodi toleo la pili lisilo na majina siku ile ile, wakati mpiga gitaa bado yupo studio na umeme haujakatika.

Mtandao umeleta hesabu ambayo redio zetu hazikuwa nayo. Kila usikilizaji unaandikwa. Boomplay huja ikiwa tayari ndani ya simu za Tecno, na Spotify ilifungua huduma yake Kongo mnamo Novemba 2021. Majukwaa haya hayapokei wimbo moja kwa moja kutoka kwa msanii. Anahitaji msambazaji kama DistroKid, TuneCore au CD Baby. Wengine hutoza ada ya kila mwaka, na usipolipa wimbo unaweza kuondolewa. CD Baby hutoza mara moja kisha hubaki na asilimia 9 ya mapato. Kabla ya kuchagua, uliza swali ambalo vijana wengi huliuliza wakiwa wamechelewa: mnanilipaje mimi niliye Bunia, na ni kiasi gani cha chini mnachotuma? Msambazaji mzuri asiyeweza kukufikishia hela hana faida kwako.

Mtego mkubwa kuliko wote hapa kwetu ni yule ndugu mwenye kompyuta anayekupandishia wimbo. Anatumia akaunti yake, barua pepe yake, benki yake. Mbele ya msambazaji, mwenye wimbo ni yeye. Siku mtakapogombana, au siku simu yake itakapoibiwa, wimbo umekwenda. Akupandishie kwa msaada, sawa, lakini akaunti iwe na jina lako, na nywila uijue wewe.

Mtego wa pili ni biti. Vijana wengi hupakua biti kutoka YouTube, kisha hununua leseni ya bei nafuu au hawanunui kabisa. Leseni ya bei nafuu mara nyingi si ya peke yako. Watu mia wengine wanaimba juu ya biti ile ile. Ukiiingiza kwenye mfumo wa YouTube wa kutambua nyimbo, Content ID, utakuwa unadai video za wenzako wenye haki sawa na wewe, na msambazaji anaweza kukufungia akaunti. Gitaa la Bunia lililopigwa na mtu aliyelipwa na kutia saini linakulinda kuliko biti tamu isiyo na mwenyewe.

Kuhusu YouTube, wengi hufikiri fedha ni ya chaneli tu: wafuasi 1,000, saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi kumi na miwili, na nchi yako iwe kwenye orodha ya zinazokubaliwa. Kwa miaka mingi Kongo haikuwamo kwenye orodha hiyo, wakati Kenya, Uganda na Tanzania zimo, ndiyo maana chaneli nyingi za wasanii wetu zilifunguliwa kwa anwani ya jamaa aliye Kampala au Ulaya. Lakini wimbo uliopita kwa msambazaji huingia pia YouTube kama rekodi, na hulipwa hata kama chaneli yako haijafikisha masharti. Harusi ya Beni iliyowekwa mtandaoni ikiwa na wimbo wako nyuma inaweza kukuletea senti, mradi mfumo unautambua.

Jaza pia fomu ya kodi ya Marekani. Kongo haina mkataba wa kodi na nchi hiyo, kwa hiyo asilimia 30 hukatwa kwenye mapato yaliyotokana na wasikilizaji wa kule. Ni nyingi. Lakini kwa YouTube, asiyejaza kitu anaweza kukatwa hadi asilimia 24 ya mapato yake yote, hata yale ya watazamaji wa Goma na Kisangani. Na Spotify, tangu 2024, hailipi rekodi ambayo haikufikisha usikilizaji 1,000 kwa mwaka. Kwa msanii mdogo, nyimbo tatu zilizotangazwa vizuri zina heri kuliko thelathini zilizorushwa ovyo.

Sasa ule mlango ambao karibu hakuna anayeugonga. Marekani, fedha ya utunzi kutokana na nakala za kidijitali hukusanywa na The MLC, iliyoanza kazi Januari 2021. Mwezi uliofuata majukwaa yaliikabidhi dola milioni 424 zilizokuwa zimelala kwa sababu wenyewe hawakujulikana. Fedha ya namna hiyo hailali milele. Sheria inaruhusu ile isiyopata mwenyewe igawiwe kwa wachapishaji waliopo, kufuatana na ukubwa wao sokoni. Maana yake, mtunzi asiyejiandikisha anaweza kuwa anawachangia walio wakubwa kuliko yeye. Kujiandikisha ni bure, na mtunzi aliye nje ya Marekani anaruhusiwa. Kuna pia SoundExchange, inayokusanya kwa ajili ya rekodi zinazopigwa kwenye redio za mtandao na za satelaiti za Marekani: nusu kwa mwenye rekodi, asilimia 45 kwa mwimbaji mkuu, asilimia 5 kwa wapigaji na waitikiaji wengine. Nayo haitozi kiingilio. Wakimbizi wa mashariki ya Kongo waliohamishiwa Marekani ni wengi, na Jumapili wanasikiliza kwaya za kwao. Kwaya yenyewe huenda haijui kwamba usikilizaji huo una thamani.

Kwaya ndizo zinazonisikitisha zaidi. Ituri ni nchi ya kwaya: za CECA 20, za Wakatoliki, za makanisa madogo yaliyohamia Bunia pamoja na waumini wake waliokimbia vijiji vya Djugu na Irumu. Waimbaji thelathini, mtunzi mmoja ambaye ni mwalimu wa shule, kinanda kilichonunuliwa kwa michango. Kwenye jalada panaandikwa jina la kwaya na namba ya simu. Mwalimu akifa, hakuna karatasi inayosema yeye ndiye aliyetunga, na wajane na yatima hawana pa kuanzia, ingawa Mkataba wa Berne unalinda utunzi wake hadi angalau miaka 50 baada ya kifo. Huko Kenya ubishi kuhusu nani alitunga "Malaika", Fadhili William au Mtanzania Adam Salim, umedumu kuliko maisha ya waliobishaniwa, ilhali Miriam Makeba na Boney M. waliupeleka wimbo huo dunia nzima.

Na Ituri ina mfano wake, mkubwa kuliko wote ninaoujua. Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili vya Voyager kwenda kupita sayari zetu, kila kimoja kikiwa na sahani iliyopakwa dhahabu yenye muziki wa dunia. Baina ya Bach na Beethoven kuna wimbo wa unyago wa wasichana wa Kimbuti, ulionaswa na Colin Turnbull katika msitu wa Ituri miaka ya hamsini. Jina la aliyenasa lipo. Wasichana walioimba wameandikwa kwa jina la nchi, Zaire, na la kabila. Watu wa Nizi wanaijua hali hii kwa dhahabu yao: gramu iliyovuka Ziwa Albert bila cheti cha CEEC, ofisi ya serikali inayothibitisha madini, huhesabiwa kuwa ya nchi iliyoisafirisha.

Ndiyo maana nasisitiza karatasi moja, iandikwe kabla watu hawajatoka studio, kwa Kiswahili cha kawaida. Jina la wimbo. Tarehe. Nani alitunga maneno, nani melodia, na kila mmoja ana asilimia ngapi. Jumla iwe mia. Nani amelipia rekodi na anaimiliki kwa kiasi gani. Nani alipiga nini, na kama alilipwa akamaliza au ana sehemu. Majina ya kitambulisho pembeni ya majina ya usanii, saini, namba za simu. Msambazaji atatoa namba ya utambulisho ya rekodi, ISRC, yenye herufi na tarakimu 12. Iandike hapo hapo, na uitumie ile ile kila mara wimbo unapokwenda mahali pengine. Jina la usanii liandikwe kwa tahajia moja milele. Anayejiita Junior leo, Juniour kesho na Jr mwezi ujao amejigawa watu watatu, na mashine haitamuunganisha. Piga picha ya karatasi, itume kwa kila aliyetia saini. Karatasi hiyo ndiyo itakayoombwa SOCODA, ndiyo itakayoombwa The MLC, na ndiyo atakayoishika mjane.

Milio ya kusubiria ya simu inastahili neno moja. Kenya, sheria ya 2022 iliweka sehemu ya msanii kuwa asilimia 52 ya mapato ya milio hiyo. Kongo nayo ina mitandao mikubwa inayoweza kuuza milio, na msanii akitia saini bila kuona asilimia yake kwa maandishi, amegawa wimbo bure.

Yote haya mtu binafsi anaweza kuyafanya, hata katika mkoa uliowekwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi Mei 2021. Linaniuma kwamba leo kijana wa Bunia ana njia iliyo wazi zaidi ya kulipwa na ofisi ya Marekani kuliko na redio iliyo ng'ambo ya barabara. Sehemu hiyo ya redio haiwezi kurekebishwa na msanii mmoja mmoja. Wanamuziki Waalur wa Mahagi husikika hadi redio za Nebbi na Paidha upande wa Uganda, ambako chama cha UPRS kinapaswa kukusanya. Fedha yao itarudi tu kama wameandikwa upande wetu na vyama viwili vina makubaliano. Nganda za Bunia zitatozwa siku moja, hilo halina shaka, kwa kuwa kutoza ni kazi inayopendwa; mgao ndio usio na uhakika.

Kwa hiyo dai la vyama vya wanamuziki wa Ituri lisiwe ofisi mpya yenye kibao na meza. Waende Divisheni ya Utamaduni na Sanaa ya mkoa, na waende SOCODA, na ombi lenye vipengele vichache: kila redio inayopewa leseni iwasilishe orodha ya nyimbo ilizopiga kila mwezi, yenye jina la wimbo, mwimbaji na mtunzi, orodha hizo zibandikwe Bunia ambako kila msanii anaweza kuzisoma na kuzipinga, na kiasi kilichokusanywa Ituri kitangazwe kabla hakijapanda ndege. Kuandika orodha kunahitaji daftari na kalamu, na mtangazaji wa zamu tayari anavyo vyote viwili mezani.